Mbwa amegoma ghafla kutoka kwenda matembezini, anakwama getini. Tatizo ni nini?

Mama Tomi (Mbezi, Dar)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaowajua mbwa vizuri.

Tomi ni chotara wa German Shepherd, dume, ana miaka minne na kilo 31. Kawaida anatoka asubuhi kabla ya jua kuwa kali na jioni baada ya saa kumi na mbili, kama nusu saa kila mara. Tangu wiki iliyopita amegoma. Akiona kamba anakuja mwenyewe, mkia unacheza, tunavuka uwanja vizuri. Tukibakiza hatua mbili tatu kufika getini anasimama, masikio yanalala nyuma, anakaa chini. Akivutwa anajilaza kabisa. Kijana anayetusaidia kazi naye akimtoa ni hivyohivyo.

Mengine ambayo huenda yakasaidia: chakula anakula ila cha jioni anabakiza. Ndani ya uzio anakimbia lakini anachoka mapema. Jumamosi aliogeshwa dawa ya kupe, ile ya kuchanganya na maji. Chanjo ya kichaa cha mbwa ina miezi minane. Mvua huku ni za kila siku, mbele ya geti pamejaa maji. Geti ni la chuma na mwezi huu tumefunga taa mpya juu ya nguzo zake. Kwenye kona ya nje pamehamia kijiwe cha bodaboda. Shingoni anavaa mnyororo, ule unaojikaza akivuta.

Jirani anasema ni uvivu tu, nimkokote atazoea. Mwingine kanishauri nusu kidonge cha diclofenac, huenda miguu inauma. Nifuate lipi?

---

Daktari wa Mifugo (Morogoro)

Mama Tomi, pole. Usimkokote, na hiyo diclofenac usimpe hata robo. Diclofenac na ibuprofen zinamchimba mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Paracetamol inaharibu ini na damu. Mbwa mwenye maumivu madogo ya mguu anaweza kufa kwa kidonge kilichotolewa kabatini kwa nia njema. Dawa za maumivu za mbwa zipo, kama meloxicam, lakini dozi hupigwa kwa kilo zake na baada ya kujua anaumwa nini.

Mbwa aliyebadilika ghafla huangaliwa mwili kwanza, hata kama kila kitu kinaonyesha woga. Haya unaweza kuyafanya leo nyumbani, akiwa amepumzika angalau nusu saa.

Anza na joto. Kipimajoto cha kawaida cha dijitali, kipake mafuta ya mgando, kiingize kama sentimita mbili kwenye njia ya haja kubwa mpaka kilie. Mbwa mzima ana nyuzi 38.3 hadi 39.2. Akiwa ametulia na bado anasoma zaidi ya 39.5, hiyo ni homa. Pua kavu au masikio ya moto havipimi chochote.

Kisha inua mdomo uangalie fizi. Ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe, au zenye umanjano, pamoja na mkojo wa rangi ya kahawa, ni dalili za babesia, ugonjwa wa kupe unaopasua chembe nyekundu za damu. Huo hausubiri kesho. Mbwa mwenye upungufu wa damu mara nyingi bado anakula na kutikisa mkia, anachokataa ni kutembea kwa sababu hewa haimtoshi. Ndiyo maana hilo la kuchoka mapema na kubakiza chakula sitaki tulipite haraka.

Ugonjwa mwingine wa kupe ni erlikia. Huo unakwenda polepole: homa ya kuja na kuondoka, tezi kuvimba, madoa mekundu tumboni, wakati mwingine damu puani. Papasa tezi chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti, linganisha kulia na kushoto. Kipimo cha kuanzia ni tone la damu, hasa la ukingo wa sikio, lipakwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini. Ni kipimo cha bei nafuu na ukiwa Dar kliniki nyingi za mifugo wanakifanya. Erlikia ikithibitika, tiba ya kawaida ni doxycycline miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 28. Kwa Tomi hizo ni kama kapsuli tatu za miligramu 100, apewe pamoja na chakula, maana kapsuli ikinasa kooni inaunguza. Wengi wanakatisha siku ya saba mbwa akichangamka, ugonjwa unarudi.

Halafu miguu. Anza na kucha, panda juu. Fungua kila nafasi kati ya vidole kwa tochi: kupe, mwiba wa mbigili, funza, ukucha uliopasuka. Ule ukucha wa pembeni usiogusa chini angalia kama haujajikunja na kuingia kwenye nyama. Baada ya hapo kunja na kunjua kila kiungo taratibu. Kugeuza kichwa ghafla, kulamba midomo au kuvuta mguu ni jibu tosha. Shingo nayo iangalie: kama anasita kuinamia bakuli lililo chini lakini anakula vizuri ukiliinua, shingo inauma, na huo mnyororo unaojikaza ni mshukiwa wa kwanza.

Kuhusu dawa ya kuogesha: kama ni amitraz, inaweza kumlegeza mbwa, akalala sana na kutembea kivivu kwa siku moja, hasa ikiwa imechanganywa kali. Ile ya asilimia 12.5 kwa mbwa ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, si kukadiria kwa kifuniko. Lakini kulegea huko hakudumu wiki nzima, na hakumfanyi mbwa agome mahali pamoja tu.

Chanjo yake iko ndani ya mwaka, vizuri. Kwa wengine watakaosoma hapa: mbwa asiye na chanjo ya mwaka huu aliyebadilika ghafla, sauti imebadilika, udenda unamtoka, hamezi vizuri, usimwingize mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mfungie, mwite daktari wa mifugo. Mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo.

---

Bahari ya Kati (Mombasa)

Kwa wenye shida hii kiangazi: pimeni ardhi. Weka mgongo wa mkono kwenye lami, ukishindwa kuvumilia sekunde saba, nyayo za mbwa zitaungua. Hewa ikiwa nyuzi 30 tu, lami ya saa nane mchana inaweza kupita 50. Mbwa aliyeungua jana anakataa leo hata asubuhi kukiwa baridi, kwa sababu ngozi ya nyayo imelainika na inauma kwenye kokoto. Angalia nyayo kama zinang'aa kupita kawaida au zina malengelenge.

---

Fundi Umeme (Kibaha)

Mama Tomi, naomba hili ulifanye kabla ya mengine yote. Geti la chuma, taa mpya juu ya nguzo, maji yamejaa mbele, na mbwa anasimama hatua mbili tatu kabla ya kufika. Zima sakiti ya taa za geti sasa hivi kwenye boksi la umeme, na watoto wasiliguse hilo geti mpaka lipimwe.

Taa ya nje iliyofungwa bila mpira wa kuzuia maji, au waya uliounganishwa kwa tepu tu ndani ya nguzo, ikinyeshewa inavujisha umeme kwenye chuma. Ninyi mmevaa ndala na viatu vya mpira, hamsikii chochote. Mbwa ana nyayo nne tupu, zimelowa, na pua inayogusa kila kitu. Tena si lazima aguse geti. Ardhi iliyolowa kuzunguka nguzo inayovuja inakuwa na volti nyingi karibu na nguzo na chache mbali, kwa hiyo miguu ya mbele na ya nyuma inasimama kwenye volti tofauti na umeme unapita mwilini mwake.

Tesita ya bisibisi inakupa dokezo tu. Isipowaka usiamini kwamba hakuna umeme, kwa sababu volti ndogo haziwashi kile kitaa ilhali mbwa anazisikia. Mwite fundi mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia volti. Achomeke nondo fupi kwenye udongo wenye maji kama mita mbili kutoka getini, akwangue rangi kidogo kwenye chuma, awashe taa, apime volti za AC kati ya geti na nondo. Inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Volti chache zinatosha kumfukuza mbwa. Penye maji kama hapo, zikifika 25 hata binadamu yuko hatarini. Apime taa zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa, na kama kuna fensi ya umeme juu ya ukuta aikague nayo: waya uliolegea ukagusa geti unapiga kwa vipindi, unaweza kupima ukakuta salama ilhali muda mfupi baadaye unapiga.

Kurekebisha: taa za nje zenye alama ya IP65 (zisizoingiza vumbi wala maji), maungio yawe ndani ya boksi lisiloingiza maji, waya upite kwenye bomba, na waya wa ethi ufungwe kwenye chuma cha geti na kwenye mwili wa taa. Halafu sakiti ya nje iwe na kikatio cha miliampia 30, kile kinachokata umeme ukianza kuvuja. Ethi bila kikatio hicho ni kazi nusu.

Na msimtumie mbwa kupima kama mmemaliza. Ataendelea kuogopa hata geti likiwa salama kabisa.

---

Mama Tomi (Mbezi, Dar)

Asanteni sana wakuu. Majibu haya hapa.

Umeme: fundi amekuja na multimita, taa zikiwaka geti lilisoma volti 38. Taa ya nguzo ya kushoto ilikuwa na maji ndani, na waya wa ethi uliachwa unaning'inia haukufungwa popote. Amebadilisha taa, amefunga ethi, ameweka kikatio. Sasa ni sifuri, amepima hata baada ya mvua. Fundi wa Kibaha, Mungu akubariki, watoto hushika hilo geti kila siku.

Mwili: joto 38.8, fizi za waridi, mkojo wa kawaida. Kati ya vidole vya mguu wa mbele kulia kulikuwa na kupe na ukucha mmoja umepasuka kwa urefu. Damu imechukuliwa, hakuna babesia iliyoonekana.

Ila Tomi bado hasogei getini. Tena sasa akiona kamba tu anajificha nyuma ya banda.

---

Daktari wa Mifugo (Morogoro)

Habari njema hizo. Ukucha: kama kipande kinacheza kikatwe na daktari, usikivute, ndani kuna mshipa. Kama kimeshika, osha kwa maji vuguvugu ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita, dakika kumi asubuhi na jioni, kausha vizuri katikati ya vidole. Asilambe. Kucha nyingine zipunguzwe ncha.

Kipimo cha damu kisichoonyesha kitu hakiondoi erlikia kabisa, hiyo hujificha. Pima joto siku chache mfululizo, na uzito kila wiki. Akiendelea kubakiza chakula au akishuka kilo, rudi kwa kipimo kingine. Kupe wa banda wanakaa kwenye nyufa za mbao na saruji, kwa hiyo kumuogesha mbwa bila kunyunyizia banda ni kurudi palepale kila wiki.

---

Mwalimu wa Mbwa (Nairobi)

Mama Tomi, sasa tuko kwenye hofu, na hofu ya shoti ni ngumu kuliko nyingine kwa sababu mbwa hakuona kilichompiga. Anaunganisha maumivu na chochote kilichokuwepo wakati ule: sauti ya komeo, mtu aliyeshika kamba, kamba yenyewe. Ndiyo sababu amehama kutoka kuogopa geti hadi kuogopa kamba. Kila akivutwa, orodha hiyo inaongezeka.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiende matembezini kabisa. Mnyororo wa shingoni utoe moja kwa moja. Tafuta mkanda wa kifuani wenye umbo la Y mbele, unaoacha mabega yacheze, na kamba laini ya mita tatu. Ukipata kamba ya rangi au kitambaa tofauti na ile ya zamani ni bora zaidi, haina historia naye.

Chakula cha mafunzo kiwe kitu ambacho hapewi wakati mwingine wowote: maini ya kuchemsha au kuku bila mfupa, bila chumvi wala kitunguu, vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Vipande 30 hivi vinatosha kwa mara moja. Fanya kabla ya mlo, dakika tano, asubuhi na jioni. Dakika tano zikiisha acha hata kama anafanya vizuri. Hasa kama anafanya vizuri.

Anza na kamba. Ishike mkononi, mpe kipande, iweke chini. Rudia mpaka akiiona anakutazama usoni akingoja. Kisha mvalishe mkanda, mpe, mvue. Hamwendi popote.

Halafu geti, likiwa limefungwa. Tafuta umbali ambao analiona na bado anakula kwa utulivu. Kwake inaweza kuwa mita kumi au kumi na tano. Simama hapo, kamba ikiwa legevu. Akiligeukia geti akaliangalia, mpe. Akiliangalia tena, mpe. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu: wanashika nyama mbele ya pua yake wamvute nayo mpaka nje. Mbwa ananyoosha shingo, ananyakua, halafu anagundua yuko mahali anapopaogopa, na kuanzia hapo hata nyama anaishuku. Nyama inakuja kwa sababu ameliona geti. Kusogea mbele aamue yeye.

Sogeza umbali kwa nusu mita tu, na pale tu anapokuwa amelegea mwili. Dalili kwamba umekaribia mno: anachukua chakula kwa kunyakua au anakikataa, anapiga miayo, analamba pua, mguu mmoja wa mbele umeinuka, uzito wote uko nyuma. Ukiona lolote kati ya hayo, geuka naye urudi mita tatu bila kusema neno, subiri apumue vizuri, umalizie hapo.

Akifika getini kwa raha, fanyia kazi sauti. Paka grisi bawaba na komeo. Mtu mwingine afungue komeo, wewe na Tomi mkiwa mbali, kila likilia mpe kipande. Kisha geti lifunguliwe, mkae ndani mkiangalia nje. Kisha miguu miwili nje na kurudi. Kisha yote minne na kurudi. Kurudi ndani ni sehemu ya zoezi. Mbwa anayejua anaweza kurudi ndiye anayethubutu kutoka. Akisimama katikati, legeza kamba, simama kando yake ukiangalia alikoangalia, hesabu polepole hadi 30. Akisonga, songa naye. Asiposonga, rudini.

Kama mna gari, mpakie ndani ya uzio mkamtembeze mahali pengine palipotulia. Hiyo inampa mazoezi na pia inakuonyesha kitu: akitembea vizuri kule, tatizo ni geti tu. Asipotembea hata kule, mrudishe kwa daktari, kuna maumivu hayajaonekana. Siku ambazo hamtoki, mwage chakula chake cha asubuhi kwenye majani akitafute kwa pua. Dakika 15 za kunusa zinamchosha mbwa vizuri sana.

Na kijana wa nyumbani afuate utaratibu huuhuu. Mtu mmoja akimvuta mara moja tu, mnarudi mita kumi.

---

Mama Tomi (Mbezi, Dar)

Nimekuelewa mwalimu, tunaanza kesho. Swali la mwisho: geti likishapita, kile kijiwe cha bodaboda kiko hatua kama ishirini kutoka hapo. Na kuna watoto wa mtaani kwetu hurusha mawe wakiona mbwa. Nisije nikatoka kwenye moja nikaangukia jingine.

---

Mwalimu wa Mbwa (Nairobi)

Hilo ni zoezi jingine, usilichanganye na la geti. Mwezi wa kwanza geuza upande ambao hakuna kijiwe, hata kama njia ni fupi na mbaya. Saa nzuri ni alfajiri kabla hawajapanga pikipiki. Baadaye mkae naye mahali anapozisikia lakini hazimshtui, pikipiki inapita, kipande kinatoka. Imeshapita, chakula kinaisha. Waombe vijana wasimwite wala kumpigia mluzi au kupiga resi anapopita. Wengi ukiwasalimia na kuwaeleza wanaelewa, na watakuwa walinzi wako wa mtaa.

Watoto: ongea na wazazi wao, usimtumie mbwa kuwatisha. Ukiona kundi linaokota mawe, vuka barabara mapema au geuka, ukae wewe upande wa kundi na Tomi upande wa ukuta. Kwa mbwa wa mitaani beba kiganja cha chakula kikavu. Wakikujia, warushie mbali mbele yao, wainame wale, nanyi muondoke kwa mwendo wa kawaida. Usikimbie, na usimwinue Tomi kwa mkanda.

Geti peke yake lipe wiki tatu hadi sita. Akigoma tena siku moja baada ya mvua kubwa, fundi apime kwanza, kisha rudi nyuma kwa umbali ambao alikuwa anakula vizuri na uanzie hapo.